Kitanda, Ufunguo na Jiwe la Kusagia

Katika maswali ambayo watu wa Rukoki huulizana pale nyumba inapotaka kubadili mwenyewe, limo moja lisikikalo dogo, hata mtu akaona haya kulipeleka kwa shehe au kwa kasisi: je, muuzaji aiuze nyumba pamoja na samani zilizomo, au auze kuta na paa, avichukue vyombo vyake, aende zake? Swali hilo halina budi kurudi mara kwa mara mahali kama hapo, kwa kuwa Rukoki ndipo yalipo makao makuu ya Wilaya ya Kasese, na penye ofisi za serikali hapakosi wageni wajao na kuondoka. Mtumishi huja kutoka Soroti au Masaka akiwa na sanduku moja. Hukaa, huzoea joto la bondeni, hununua kiwanja, hujenga vyumba vitatu vya matofali chini ya mabati, huagiza kitanda na kabati kwa seremala atumiaye mbao za Kongo zivushwazo mpakani Mpondwe, na siku moja barua ya uhamisho humkuta ilhali rangi ya ukutani haijafifia. Lori la kupeleka kabati Soroti laweza kula thamani ya kabati lenyewe. Dalali humshauri aache vyote humo ndani ili bei ipande; jirani humshauri atoe vyote, kwani mnunuzi humdharau mtu amwachiaye makochi yaliyokwisha bonyea; naye mwenye nyumba husimama baina ya kauli hizo mbili akidhani kwamba anachopima ni gharama ya lori tu, na kumbe yuko mbele ya mas'ala ambayo wanazuoni wameyatolea fikira kwa karne nyingi.

Anayefikiri kwamba dini hujishughulisha na sala na saumu, ikawaachia madalali habari za ndoo na vitanda, na afungue vitabu vya fikihi katika mlango wa biashara. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Sham aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ambaye kitabu chake Minhaj kimekuwa tegemeo kubwa la madhehebu ya Shafi yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani yetu, hakuona kwamba anajishushia hadhi kueleza, kitu baada ya kitu, kipi huingia na kipi hakiingii nyumba iuzwapo bila ya kutajwa chochote zaidi. Huingia ardhi na kila jengo lililo juu yake, hata hamamu. Haviingii vitu vya kuhamishika, na mifano aitoayo ni ndoo, kapi la kisima na kitanda. Huingia milango iliyokwisha simikwa pamoja na pete zake. Huingia rafu na ngazi ikiwa zimepigiliwa misumari. Huingia jiwe la chini la kusagia. Mpaka hapo msomaji atadhani ameifahamu kanuni: kilichoshikamana na nyumba huenda na nyumba, kisichoshikamana hubaki na mtu. Lakini fakihi huyo haishii hapo. Huendelea kueleza kwamba jiwe la juu la kusagia nalo huingia, ingawa mkono huliinua na kulizungusha, na kwamba ufunguo wa kitasa kilichokazwa mlangoni huingia vilevile, ingawa hakuna kitu chepesi kuhama kuliko ufunguo; naye huashiria kwamba juu ya mawe hayo na ufunguo huo wenziwe walikhitilafiana.

Hapa yafaa kutua kidogo, maana lau msumari ndio ungekuwa hukumu, ufunguo usingeingia, na lau uzito ndio ungekuwa hukumu, kitanda kingeingia, kwa kuwa samadari za wazee wetu hazikubebwa na mtu mmoja. Mimi naona sababu yake ni nyingine. Ufunguo ulichongwa kwa ajili ya kitasa kimoja; ukiondolewa, kitasa huwa chuma kisicho na kazi, na ufunguo wenyewe huko uendako hauna mlango wa kufungua. Jiwe la juu limelainishwa na la chini, na la chini limelainishwa na la juu, hata kila moja likapata umbo la mwenziwe. Ndoo, kwa upande wake, huteka kisima chochote, na kitanda hulalika katika chumba chochote. Basi linalofaa kuulizwa juu ya kila kitu ni hili: kinamfuata nani? Kifuatacho nyumba hupoteza maana yake kikitengwa nayo. Kifuatacho mtu hubaki na maana yake popote mtu huyo aendapo.

Tukiingia na kipimo hicho katika nyumba ya Rukoki, mambo mengi hujipanga yenyewe. Meko ya udongo yaliyofinyangwa jikoni ni ya nyumba, sigiri ni ya mpishi. Fimbo ya pazia iliyokatwa kwa upana wa dirisha lile ni ya dirisha, pazia ni la mama. Tangi la maji ya mvua laweza kuwatia watu magombano, kwa sababu ni la plastiki na vijana wawili hulibingirisha likiwa tupu, lakini mfereji wa bati umekatwa kuliendea lenyewe na jukwaa la saruji limejengwa kwa kipimo chake, hata ningekuwa mimi shahidi ningesema ni la nyumba maadamu muuzaji hakulitoa kwa kauli yake. Mahindi yaliyosimama uani ni ya aliyeyapanda, na mwembe ni wa kiwanja. Juu ya matunda yake iko Hadithi mashuhuri ya Ibn Umar kuhusu mitende, ambayo ikiuzwa baada ya kupandishwa mbelewele, matunda yake ni ya muuzaji ila mnunuzi akishurutisha yawe yake. Zingatia hapo hilo neno la shuruti, maana Mtume hakuwafungia watu njia moja. Aliweka hukumu ya wale walionyamaza, akawaachia wasemao uhuru wa kupatana wapendavyo.

Penye ugumu ni sola. Nyumba nyingi za Kasese zina paneli juu ya mabati, betri chini ya kitanda na nyaya zilizopita ukutani, na aghalabu vitu hivyo vilichukuliwa kwa mkopo ambao mwenye nyumba hulipa kidogo kidogo kwa simu, na akikosa kulipa, kampuni huizima taa kutoka mbali bila ya kufika. Paneli imekazwa kwa skrubu, waya umezikwa katika plasta, na kila dalili ya macho yasema ni sehemu ya nyumba. Lakini aiuzaye nyumba na sola ambayo haijamalizika kulipwa anauza kisichokuwa chake, na Hakim bin Hizam, sahaba aliyekuwa mfanyabiashara hodari wa Makka, alikatazwa na Mtume kuuza asicho nacho. Mnunuzi huja kuujua ukweli usiku wa kwanza, akiwa gizani.

Sheria ya Waingereza, ambayo Uganda iliipokea kwa amri ya kifalme ya mwaka 1902, ina mazungumzo yake juu ya jambo hili, nami nitayapitia upesi. Katika shauri la Holland na Hodgson la mwaka 1872, lililohusu mitambo ya kufumia nguo iliyopigiliwa sakafuni mwa kiwanda, Jaji Blackburn alieleza kwamba huangaliwa jinsi kitu kilivyoshikamana na huangaliwa pia kusudio la kukishikamanisha. Na mfano wake ungemwelea vyema Mkonzo yeyote, mwenyeji wa milima ya Kasese, kwamba mawe yaliyopangwa yakawa ukuta, ijapokuwa hayakushikanishwa kwa udongo, ni sehemu ya ardhi, na mawe yale yale yakipangwa vivyo hivyo katika ua wa mjenzi ayawekaye akiba ni mali yake ya kubeba. Jaji wa Uingereza na imamu wa Sham, waliotenganishwa na karne sita na wasioshirikiana kitabu, walifika karibu mlango mmoja.

Na milango yenyewe ina habari. Nawawi alikata kwamba mlango uliosimikwa huenda na nyumba, lakini Unguja yetu imewaona watu waliofanya kinyume. Katika Mji Mkongwe, ulioandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, milango yenye nakshi na njumu za shaba iliyochongwa na mafundi wa karne ya kumi na tisa imepata kung'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vitu vya kale, nyumba ikaachiwa mbao za kawaida na unyevunyevu wa kuta zake. Fikihi haimkatazi mwenye mali kuung'oa mlango wake kabla ya kuiuza nyumba, wala simwiti mwizi. Nasema tu kwamba mtu huyo hakuuza pambo la nyumba, ameuza uso wake, na atakayekuja kununua kilichobaki atapunguziwa bei kuliko alivyopata muuzaji kwa mlango. Lamu yako mazuri zaidi ya kutazama. Zile nyumba kongwe za mawe zina zidaka, safu juu ya safu za vijidirisha vipofu vilivyochongwa katika plasta ya chokaa ukutani, na ndani ya zidaka mabibi walipanga sahani na bakuli za Kichina zilizoletwa kwa majahazi. Fundi aliyezijenga hakuacha mahali pa shaka: kidaka hakibebeki, na sahani haikujengewa. Nyumba ikiuzwa, mwenye sahani huzifunga katika kanga, na mnunuzi hupokea ukuta wenye matundu matupu mia, ambao ni mzuri vilevile.

Yapo mambo ambayo mwenye nyumba hana uamuzi juu yake, kwa kuwa kitu si chake, nayo husahauliwa kuliko yote. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 humzuia mtu kuiuza ardhi ya familia, ile wanayoishi juu yake au wanayopata riziki yao kwayo, pasipo ridhaa ya mkewe au mumewe. Na wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, siku hizi humwita mama mwenye nyumba atie dole gumba kabla ya muhuri kugongwa. Ni insafu njema. Lakini mama yule yule ambaye ridhaa yake hutakwa juu ya udongo, huwa hakuna amuulizaye juu ya godoro. Siku alipoagwa kwao, wazazi na mashangazi walimfungia masufuria, magodoro, masanduku na pengine kabati la vyombo, na pwani vivyo hivyo bibi arusi hupelekewa vyombo vyake, navyo katika sheria ya Kiislamu ni milki yake asiyoshirikiana na mume. Mume asemapo, "Nauza na kila kitu kilichomo," ameunganisha katika neno moja mali yake na mali ya mwingine. Mafakihi wa Kishafi wana mlango kwa ajili ya muuzaji wa namna hiyo: kauli yao iliyo na nguvu ni kwamba mauzo husihi katika kilicho chake na hubatilika katika kisicho chake, bei ikagawanywa kwa kadiri ya thamani, na mnunuzi ambaye hakujua ana khiari ya kuendelea au kuvunja. Kwa hiyo godoro la mke laweza kuirudisha mezani nyumba nzima. Mume mwenye busara huanza na mkewe, kabla ya dalali: "Mama watoto, katika humu kipi chako na kipi chetu?" Nina hakika wengi watashangaa jinsi kilicho chao peke yao kilivyo kidogo.

Uganda ina kumbukumbu yake mbaya ya nyumba zilizobadili wakaaji na samani zake bila ya mwenyewe kuamua. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, na nyumba zikaachwa na vitanda vilivyotandikwa, makabati yenye nguo na vyungu vyenye mafuta. Wakapewa wengine, na wengi kati ya hao waliingia na kulala. Sheria ya mwaka 1982 ya kurudisha mali zilizotaifishwa iliwafungulia mlango waliofukuzwa, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa majengo yao. Jengo lina hati na namba ya kiwanja. Ama kitanda, ni nani angekitambua baada ya miaka ishirini, na ni nani angekubali kwamba alikikuta? Fikihi haibadili hukumu kwa urefu wa miaka: kitu kilichonyang'anywa, maadamu kipo, hurudishwa chenyewe kwa mwenyewe. Si haba, nadhani, vitanda vilivyorithiwa na watoto wasiojua asili yake.

Sasa nije penye hatari kubwa zaidi kuliko zote, nayo haiko katika kuacha samani wala katika kuziondoa, iko katika kule kuzitumia siku ya kuonyesha. Mnamo tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba wa hapa Kasese ulivunja kingo zake, ukashuka kutoka Kilembe na mawe makubwa na magogo, ukabomoa na kusomba, na ukarudia tena katika mafuriko ya Mei 2014 na ya Mei 2020. Nyumba iliyoingiwa na maji ya matope ikabaki imesimama huweka alama: mstari wa kahawia ukutani, chini yake plasta imevimba na kupukutika kama mkate ulioingia maji, juu yake rangi nzima. Mstari huo mtu akiupaka rangi hurudi baada ya masika. Lakini kabati pana likisimamishwa mbele yake, kochi likisogezwa pembeni na zulia likitandikwa juu ya ufa wa sakafu, mnunuzi aliyekuja mchana wa jua ataona chumba cha kupendeza, na akiambiwa kwamba vyote hivyo ataachiwa, atashukuru. Na kweli ataachiwa: kabati na kilichokuwa nyuma yake.

Waarabu wa zamani walikuwa na hila moja sokoni, ya kumfunga ngamia au mbuzi asikamwe kwa siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani kwamba ndivyo maziwa yake yalivyo kila siku. Mtume aliikataza, akampa aliyedanganyika khiari ya kumweka mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokama. Sioni tofauti baina ya kiwele kilichojazwa na sebule iliyojazwa, pale ambapo kujaza kwenyewe kumekusudiwa kuficha. Hakim bin Hizam, sahaba yule yule aliyekatazwa kuuza asicho nacho, ndiye aliyepokea pia Hadithi isemayo kwa maana yake kwamba muuzaji na mnunuzi wana khiari maadamu hawajaachana, na kwamba wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa. Ndiyo maana naona kwamba nyumba ionyeshwe tupu, au walau kila kilicho ukutani kisogezwe mnunuzi apitishe mkono nyuma yake. Na mnunuzi asione haya kuomba hivyo. Mwenye nyumba akichukia kusogeza kabati, jibu limekwisha patikana.

Nao wasomao Biblia, ambao ndio wengi katika Kasese, wana katika sura ya 23 ya Mwanzo hati ya mauzo ambayo kila mwenyekiti wa LC1 angefaidika nayo. Ibrahimu amefiwa na Sara, naye ni mgeni katika nchi ya Wahiti. Aomba auziwe pango la Makpela lililo mwisho wa shamba la Efroni, kwa bei yake kamili. Ameomba pango, hakuomba shamba. Efroni, mbele ya watu wote wa langoni, atangaza kwamba ampa shamba, na pango lililomo ampa pia. Ibrahimu ainama, asisitiza kulipa. Ndipo Efroni ataja shekeli 400 za fedha kana kwamba ni kitu kidogo baina ya mabwana wawili, na Ibrahimu apima fedha pale pale bila ya kubishana. Wafasiri wamekhitilafiana: wako wamwonao Efroni mkarimu na wako wamwonao mjanja aliyemwongezea mfiwa kitu asichokitaka ili bei ikue. Mimi ni katika hao wa pili, na kila nisikiapo dalali akisema "bwana, ataongezewa na makochi" humkumbuka Mhiti huyo. Lakini tazama Ibrahimu alichokifanya akiisha kukubali: mauzo yathibitishwa mbele ya mashahidi kwa kutajwa shamba, na pango lililomo, na kila mti uliomo katika shamba na mipakani mwake mwote. Mti ulikuwa umeshikamana na ardhi na hakuna angeutilia shaka, na bado ukatajwa.

Hati za kwetu huandikwa vizuri katika mipaka: huandikwa jirani wa juu na jirani wa chini, huandikwa mti wa mpaka na mfereji, huandikwa bei kwa tarakimu na kwa maneno. Halafu mwandishi akichoka huandika "nyumba na vyote vilivyomo", na watu hutia sahihi. Maneno hayo matatu ya mwisho yamebeba gharari, yaani utata wa kisichojulikana, ambayo sheria zote zaikimbia, maana vilivyomo asubuhi sivyo vilivyomo jioni. Betri huondoka usiku. Meza nzuri huondoka ikaja mbovu. Kurani, katika aya ndefu ya Surat al-Baqara, imeamuru deni la muda liandikwe na mashahidi wawepo wauzianapo watu, wala haikuona kwamba kidogo ni kidogo mno kuandikwa. Basi karatasi ya pili yenye orodha, kitanda kimoja cha mbao, makochi mawili, tangi moja, haimwongezei mwenyekiti kazi ila ya dakika chache.

Kuna kimoja lakini ambacho kipimo changu cha kufuata hakikiwezi, nami sitaki kukipita kimya. Wakonzo huzika nyumbani. Katika viwanja vya Rukoki, nyuma ya migomba, yako makaburi ya baba na bibi, mengine ya saruji na mengine ya kifusi cha mawe, na hakuna msumari uliopigwa chini zaidi kuliko huo. Kwa hukumu ya kushikamana ni sehemu ya ardhi. Kwa hukumu ya kufuata ni ya watu waliokwenda zao. Mnunuzi hakuyanunua, wala muuzaji hawezi kuyapakia katika lori. Wanazuoni wamekataza kaburi kufukuliwa kabla ya mwili kwisha kuwa udongo, isipokuwa kwa dharura, na mila za mlimani hazikubali kufukua kwa wepesi. Waungwana hufanya hivi: huyataja makaburi katika hati, huyaacha nje ya bei, na huandika kwamba watoto wa marehemu wana njia ya kupita kwenda kuyafagia. Mtu anayenunua kwa namna hiyo amenunua kiwanja chenye wageni wa kudumu, na itikadi yake ndiyo itakayomwambia kama wageni hao ni mzigo au ni ulinzi. Katika mji unaopanuka, ambapo viwanja hukatwa vidogo kila mwaka, sijui sheria ya nchi itavumilia mpaka lini; lakini najua kwamba muuzaji anayeficha kaburi chini ya rundo la matofali ana hali mbaya kuliko yule aliyeficha ufa kwa zulia.

Basi yule mtumishi mwenye barua ya uhamisho afanyeje? Kwa maoni yangu na aanze kwa kuiuza nyumba peke yake, bei ikatwe kwa kuta, paa, ardhi na vile vifuatavyo nyumba. Hilo likiisha, na kama mnunuzi kweli akihitaji kitanda, wapatane kitanda kwa bei yake, kwa sababu bei mbili zilizotajwa mbalimbali humlinda kila mmoja na mwenziwe, na humlinda mke wa muuzaji na wote wawili. Akitaka kutoa bure, na atoe kilicho kizima. Maana liko kundi la wauzaji ambao huacha humo ndani godoro lililoliwa na panya, redio bubu, viti vya miguu mitatu na magunia ya nguo, wakasema wamemsaidia mnunuzi, ilhali wamejisaidia wenyewe kutolipa vibarua. Nawawi, katika mlango mwingine wa kitabu kile kile, aeleza kwamba nyumba hukabidhiwa kwa kumwachia mnunuzi nafasi ya kuitumia, kwa shuruti kwamba iwe imekwisha kuwa tupu, haina vyombo vya muuzaji. Aliyeacha takataka zake hajatoa sadaka; hajamaliza kukabidhi.

Na wafuasi wake wakaingia hata katika lile lililozoeleka kwetu, la mtu kukusanya vyote katika chumba kimoja, akatia kufuli, akasema atarudi na gari baada ya mavuno. Waliamua kwamba mnunuzi huyo amekabidhiwa nyumba yote isipokuwa chumba hicho. Kwa hiyo muuzaji akichelewa mwaka mzima, mnunuzi amekaa mwaka mzima katika nyumba iliyopungua chumba; na ikiwa alilipa bei yote siku ya kwanza, yafaa amuulize ndugu yake, kwa upole na mbele ya mwenyekiti, ni lini gari litafika.